Asilimia 60 ya Nani? Wosia kwa Wanaobaki na Depo

Wajukuu zangu, pamoja na vijana wenzenu wa ushirika,

Funguo za depo nimemkabidhi shangazi yenu. Macho yangu hayasomi tena namba zilizochapwa kwenye makatoni, na mama yenu mkubwa kule Butembo amekwisha kunitayarishia chumba. Barabara ikipitika, nakwenda. Habari za shamba na nyumba tulizimaliza mbele ya wazee wa ukoo, sizirudii hapa. Barua hii ni ya neno moja la biashara, nalo ni komandi: mali kiasi gani iletwe, na mtajuaje.

Mmeniambia kwamba kabla ya kuagiza mabuti ya mpira ya msimu wa Septemba mtapita mitaani na simu kufanya ankete, yaani kuwauliza watu kama watanunua, kisha simu itajumlisha yenyewe na kuwapa asilimia. Fanyeni hivyo, wala msimsikilize atakayewacheka. Wachuuzi wengi hapa mjini Kiwanja huagiza kwa kumchungulia jirani: huyu akishusha ndoo, na yule anashusha ndoo, mpaka barabara nzima inauza ndoo na sabuni haipatikani. Kuuliza ni bora kuliko kuiga. Lakini tuseme simu imewaambia kwamba asilimia 60 ya watu watanunua mabuti. Msikimbilie kumpigia simu mwenye duka la jumla kule Goma. Anayekupa asilimia amekupa nusu ya hesabu, tena ile nusu nyepesi. Nusu nzito ni kujua hiyo 60 ni ya nani, na hao nani ni wangapi leo hii.

Swali hilo nililipata kwenye dawa kabla sijaingia kwenye biashara. Mnajua kwamba kabla ya depo nilitunza stoo ya dawa na chanjo katika zoni ya afya, na kazi ile huendeshwa kwa asilimia tangu asubuhi hadi jioni. Katika Kongo yetu, mtu wa chanjo huzitaja namba hizi bila kufungua karatasi: wajawazito ni asilimia 4 ya wakazi wote, watoto wanaotazamiwa kuufikisha mwaka wa kwanza wakiwa hai ni asilimia 3.49; walio chini ya miaka mitano ni asilimia 18.9. Hakuna anayepita nyumba kwa nyumba kuhesabu mimba. Unachukua idadi ya wakazi wa eneo la kituo, unazidisha, unapata walengwa, kisha walengwa unawageuza kuwa vichupa.

Tufanye moja, mwone. Kituo kina wakazi 10,000. Asilimia 4 ni watoto 400 watakaozaliwa kwa mwaka, na kila mmoja anahitaji dozi moja ya BCG, chanjo ya kifua kikuu. Mwenye haraka ataagiza dozi 400. Lakini kichupa cha BCG kina dozi 20, na kikishachanganywa na maji yake hudumu saa 6 tu, kinachobaki kinatupwa. Asubuhi wameletwa watoto 7. Unafungua, unachanja 7, dozi 13 zimekwenda bure. Ukikataa kufungua kwa sababu watoto ni wachache, mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni atarudi kwao, na huenda usimwone tena. Kwa hiyo wapangaji hukubali tangu mwanzo kwamba nusu ya BCG itapotea, wakazidisha kwa 2: dozi 800, yaani vichupa 40. Chanjo ya surua ya kichupa cha dozi 10 hukadiriwa upotevu wa robo, nayo huzidishwa kwa 1.33.

Hiyo 1.33 ichunguzeni, maana imewaponza wengi. Ni 100 kugawanywa kwa 75, yaani kwa kile kitakachobaki baada ya upotevu. Mtu akiambiwa robo inapotea, mkono wake huenda mbio kuongeza 25 juu ya 100. Jaribuni: dozi 125, toa robo, zinabaki 93 na ushei. Watoto 7 hawana chanjo, na aliyeagiza anaapa kwamba alifidia. Hesabu hiyohiyo itawafaa kwa mayai yanayovunjika njiani na kwa nyanya zinazooza ndani ya kreti. Mwisho unaongeza akiba ya robo, kisha unatoa kilichomo tayari kwenye friji. Hilo la kutoa kilichomo mtaliona dogo. Basi ingieni stoo zilizopangwa na watu wenye diploma mkahesabu makatoni ambayo hayajafunguliwa tangu komandi iliyopita.

Yote hayo ni hesabu safi. Kasoro iko pale kwenye wakazi 10,000. Nani amewahesabu? Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanywa Julai 1984, enzi za Mobutu, ikapata watu karibu milioni 30. Aliyezaliwa mwezi ule leo anaoza watoto. Tangu hapo kila idadi inayosomwa redioni ni ya kukadiria: namba ya zamani huongezewa asilimia fulani kila mwaka, kisha asilimia za walengwa zinapandishwa juu yake. Makadirio yamebebeshwa makadirio.

Na wakazi wa huku kwetu hawatulii. Mwishoni mwa Oktoba 2008 vita viliingia Rutshuru. Watu wa Kiwanja wakaamriwa watoke mjini, na tarehe 4 na 5 Novemba waliuawa hapa watu wapatao 150 kwa hesabu ya Human Rights Watch. Sitaeleza zaidi; kuna kati yenu waliokua bila baba kwa sababu ya siku zile. Julai 2012 waasi wa M23 wakauchukua mji, Oktoba 2013 wakatolewa, Oktoba 2022 wakarudi. Mara hiyo wengi wetu tulishuka hadi Kanyaruchinya, pembeni ya Goma, tukalala chini ya mashitingi ya plastiki juu ya mawe ya volkano. Goma nayo ikaanguka mwishoni mwa Januari 2025, kambi zikavunjwa, watu wakaanza kurudi kutafuta viwanja vyao. Katika misukosuko yote hiyo karatasi iliendelea kuzidisha idadi ileile. Kituo kimefurika wadeplase, yaani waliokimbia makwao, na mgao wake ni wa wenyeji peke yao. Kingine kimebaki na nesi na mlinzi, na mgao wake umefika kamili.

Ndiyo maana mtasikia kituo kimechanja asilimia 120 ya watoto wake, na mkubwa anapiga makofi. Cha jirani kimepata asilimia 55, nesi wake anakaripiwa mbele za watu. Pengine wote wawili wamefanya kazi sawasawa; watoto wa huyu wamehamia kwa yule. Na si idadi peke yake inayohama. Hata asilimia zenyewe hupinda, kwa sababu wanaokimbia hawafanani na waliobaki. Msongamano wa wadeplase huwa na wanawake na watoto wengi kuliko mtaa wa kawaida, kwani baba amebaki kuchunga mihogo au amepita njia nyingine. Ukipeleka ile 18.9 ndani ya kambi, utawapunja watoto.

Basi kabla ya kuzidisha chochote, nendeni kwa nyumbakumi, kiongozi wa nyumba kumi. Katika mji huu yeye ndiye mwenye idadi inayokaribia ukweli, maana anajua ni mlango gani una kufuli tangu mwaka juzi na ni nyumba gani ina familia tatu. Chagueni avenyu chache kila upande, Mabungo, Buturande na kwingineko, msichague zile zenye jamaa zenu tu. Hesabuni milango inayofunguliwa. Kisha ulizeni, "Nani walilala hapa usiku wa kuamkia leo?" Msiulize, "Mko wangapi?" Ukimuuliza mzee wa Kiwanja mko wangapi atamtaja mwanawe aliye Kampala, binti aliyeolewa Kanyabayonga, na marehemu mmoja. Waliolala hapa ndio watakaovaa mabuti.

Mezani kwenu nimewaachia mfano wa vyandarua, nawaomba muusome taratibu, kwa sababu unaonyesha jinsi hata asilimia sahihi inavyoweza kukosea ikifika nyumbani kwa watu. Shirika la Afya Duniani linasema chandarua kimoja kwa watu wawili. Kwa hiyo watu 1,800 wangehitaji 900. Lakini wakati wa kuagiza linashauri kugawanya kwa 1.8, na hapo unapata 1,000. Hivyo 100 vya nyongeza ni vya nani? Ni vya nyumba zenye watu witiri. Familia ya watu 5 haipewi vyandarua viwili na nusu, inapewa 3. Ya watu 7 inapewa 4. Ukigawanya jumla unaona watu, ukigawa mlangoni unakutana na familia, na kila familia ina nusu yake ya kukamilisha. Kisha linashauri kwamba pale ambapo sensa imepita miaka mitano, inafaa kufikiria nyongeza ya asilimia 10. Yetu imepita miaka 40. Sijui kama aliyeandika shauri hilo aliwahi kutusikia.

Kuna pia la kutofautisha alichonacho mtu na anachokitumia. Uchunguzi mkubwa wa demografia na afya wa mwaka 2013 na 2014, ule tunaouita EDS, ulipita katika nyumba zaidi ya 18,000 nchi nzima. Ulikuta nyumba 70 katika 100 zina angalau chandarua kimoja chenye dawa, lakini watoto chini ya miaka mitano waliolala ndani ya chandarua usiku uliotangulia walikuwa 56 katika 100. Angalieni ustadi wa swali lile: hawakumuuliza mama kama anapenda mtoto alale ndani ya chandarua. Mama gani atakataa? Waliuliza jana usiku ilikuwaje. Nanyi msimuulize mtu kama angependa mabuti. Muulizeni mara ya mwisho alinunua lini, kwa nani, kwa bei gani, na yale ya zamani yako wapi. Majibu ya "ningependa" yanakuja kwa adabu. Kijana mwenye simu amesimama mlangoni, mwenye nyumba hataki kumvunja moyo.

Tena msiichukue asilimia ya nchi nzima mkaivika Kiwanja. EDS ilitengenezwa iseme habari za taifa na za mkoa. Haikutengenezwa iseme habari za soko letu, na walioifanya wanalijua hilo kuliko sisi. Asilimia huzeeka pia. Umeme wa maji wa Matebe, juu ya mto wetu wa Rutshuru, ulizinduliwa Desemba 2015. Waya zilipoanza kuingia mitaani, aliyekuwa ameagiza taa za mafuta kwa kufuata mahitaji ya miaka iliyotangulia alibaki na mali ya kupamba rafu.

Wakati wa Ebola nilijifunza jambo lililo kinyume na haya yote. Mlipuko ule wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ukaisha Juni 2020, na chanjo yake ilitakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Dawa ya namna hiyo huwezi kuitawanya kwa asilimia ya wakazi. Walichofanya ni kuandika majina: mgonjwa huyu aligusana na nani, na hao nao waligusana na nani, kisha wakachanja orodha ile pamoja na wahudumu wa afya. Waliochanjwa walipita 300,000. Kitu kikiwa ghali na kichache, orodha ya majina inaishinda asilimia. Na orodha ya majina katika biashara ni avansi, yaani malipo ya awali.

Sasa tuje kwenye mabuti yenyewe. Tuseme nyumbakumi wamewapa watu wazima 2,000 katika avenyu mnazozihudumia, na ankete imesema 60 katika 100 watanunua. Hao ni 1,200. Ulizeni pea moja inadumu muda gani. Kama inadumu miaka miwili, basi mwaka huu atakayenunua ni nusu yao, 600. Nusu nyingine mabuti yao yamo miguuni tayari. Hapa ndipo vijana wengi huteleza, maana asilimia ya wenye kutumia kitu si asilimia ya watakaokinunua mwezi huu. Halafu hampo peke yenu sokoni. Kama katika kila wanunuzi wanne mmoja hupitia kwetu, tunabaki na 150. Kutoka 1,200 tumeshuka hadi 150, na hakuna aliyesema uongo njiani.

Hiyo 150 nayo simameni mbali nayo kidogo. Mkiuliza watu 100 waliochaguliwa vizuri mkapata 60, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 50 na 70. Mkiuliza 400, unabana kati ya 55 na 65. Kupunguza shaka kwa nusu kunataka watu mara nne, kwa hiyo kuna mahali pa kusimama. Viatu vya kupita mitaani navyo vina bei. Kwa watu 100, ile 150 yetu ni kitu kati ya 125 na 175. Na hapo nimehesabu shaka ya bahati nasibu tu. Mkiuliza sokoni saa sita mchana, mmewauliza waliokuja sokoni. Wenye kuvaa mabuti wako shambani wakati huo, hawajasikia kwamba kuna ankete. Hata mkiwauliza 1,000 wa sokoni, shambani hamtafika.

Pesa nayo. Benki za Goma zilifungwa mji ulipoanguka, faranga za noti zikawa adimu hadi mtu mwenye mshahara akawa anakopa chumvi. Mtu wa namna hiyo anakwambia "nitanunua" kwa moyo safi. Ndiyo sababu nasema wekeni meza, andikeni jina na namba ya mguu, pokeeni avansi hata iwe ndogo. Kumi waliotoa avansi wanawafundisha zaidi kuliko mia waliotikisa kichwa. Msiwadharau wasio nayo, lakini msiwaagizie katoni.

Namba za miguu zinataka mwangalizi wao, nami nampendekeza yule mdogo wenu anayependa kupanga vitu. Kama 42 ni asilimia 20 ya majibu, katika pea 160, kiasi nitakachokieleza mbele kidogo, ni pea 32. Kama 43 ni asilimia 15, ni pea 24. Lakini 46 ikiwa asilimia 1, hesabu inakupa pea moja na nusu hivi. Hiyo msinunue, mwenye mguu huo mwandikieni jina na mumletee yake. Katoni ya Goma huja na mchanganyiko iliopangiwa kiwandani, haijui miguu ya Kiwanja, hivyo mwulizeni mwenye duka la jumla, kabla hamjalipa, kama anakubali kufungua na kuchanganya. Na wanawake waulizwe wao wenyewe. Mume hajui namba ya mguu wa mkewe; atasema 38 kwa sababu amewahi kuisikia.

Jambo dogo kabla sijasahau: mkiuliza "tuuze nini" na mtu akaruhusiwa kutaja vitu vitatu, asilimia mkizijumlisha zitapita 100. Mabuti 60, sabuni 50, taa za jua 40. Msigawe mtaji kwa namba hizo. Zinaonyesha vitu vilivyotajwa, hazionyeshi faranga ya mtu itakwenda wapi akiwa nayo moja.

Sasa sehemu ambayo hakuna ankete itakayowaambia, nayo ndiyo niliyotaka kuwaachia zaidi ya zote. Kati ya 125 na 175, mnaagiza ngapi? Wengi husema katikati. Lakini katikati ni pazuri pale tu ambapo kukosa na kubakiza vinauma sawasawa, na hilo ni nadra. Chukueni karatasi. Upande mmoja andikeni mnachokosa mteja akija na mali haipo. Upande wa pili andikeni mnachopoteza mali ikibaki. Tuseme pea ya mabuti inawaletea faida ya dola 2, na ikibaki mtaiuza msimu ujao kwa hasara ya nusu dola. Gawanyeni faida kwa jumla ya faida na hasara: 2 kwa 2.5, ni asilimia 80. Maana yake agizeni kiasi ambacho mnaamini kitawatosheleza wateja mara 4 katika 5. Pea 160, hata 165, si ulafi. Mabuti hayaozi.

Nyanya sasa. Kreti inawapa faida ya dola 2, lakini ikibaki jioni mmepoteza dola 6 mlizoinunulia. 2 kwa 8 ni asilimia 25. Kwa nyanya ni lazima mshuke chini ya makadirio yenu, mchukue kiasi ambacho siku 3 katika 4 kitakuwa kimeisha kabla jua halijazama. Mteja wa jioni atanuna. Anune. Watu wawili wenye ankete moja, asilimia moja na mtaa mmoja wanaweza kuagiza viwango viwili tofauti, na wote wakawa sahihi, kwa sababu huyu anauza mpira na yule anauza nyanya. Na sasa mnaona kwa nini nilimwaga zile dozi 13 za BCG bila kulalamika: upande mmoja wa karatasi kuna kichupa, upande wa pili kuna mtoto wa mtu.

Ila hasara andikeni ya kweli. Kama pesa ya komandi ni ya mkopo, riba inakula kila mwezi mabuti yakiwa rafuni, na ile nusu dola inakuwa dola na zaidi. Kama barabara ya Ishasha au ya Goma inatisha, mali iliyojaa depo ni mali inayoweza kubebwa na wenye nguvu usiku mmoja. Mimi siku za wasiwasi huwa naagiza nusu, hata faida ikiniambia nijaze. Mji wa mpakani wa Bunagana ulipochukuliwa Juni 2022, waliokuwa na makatoni mengi njiani ndio walioumia. Mwenye machache alifunga akaondoka nayo juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao. Hesabu hii hamtaikuta kwenye simu, na wala mimi siwezi kuwapa asilimia yake. Sikilizeni madereva.

Msiagize yote kwa mara moja. Leteni sehemu, muuze wiki mbili, kisha mlinganishe na mlichotabiri. Utabiri uandikwe kwenye kaye, daftari lenu, kabla mali haijafika, kwa tarehe, na aliyeutoa atie sahihi. Baada ya mauzo kila mtu hukumbuka kwamba yeye alisema kweli. Mkishaona misimu kadhaa, kaye yenu wenyewe itawapa asilimia iliyo bora kuliko ya ankete yoyote, kwa sababu ni ya wateja wenu, kwa bei yenu, waliotoa pesa.

Lakini kaye nayo inadanganya mahali pamoja, na dawa ndizo zilizonifundisha. Mtunza stoo huhesabu matumizi ya wastani kwa mwezi. Mwezi wa siku 30 umetoa vidonge 60, basi mwezi ujao anaagiza 60. Hakuangalia kwamba dawa iliisha tarehe 15 na nusu ya pili ya mwezi rafu ilikuwa tupu. Mahitaji yalikuwa 120. Akiagiza 60 tena, itaisha tena katikati, na fishi, karatasi ya stoo, itaendelea kusema 60 inatosha, mwaka baada ya mwaka, huku wagonjwa wakirudi mikono mitupu. Kwa hiyo kila kitu kikiisha, andikeni siku kilipoisha na siku kilipopatikana. Mauzo yagawanywe kwa siku ambazo mali ilikuwepo, siyo kwa siku za kalenda.

Kwenye kaye ya Septemba iliyopita mtaona mistari ya kalamu nyekundu. Inaonyesha siku ambazo namba 40 na 41 hazikuwepo dukani. Mkitaka kujua komandi ya mwaka huu, anzieni hapo, kisha ndiyo muende kwa nyumbakumi. Mwenye duka la jumla kule Goma hupokea simu asubuhi kabla ya saa tatu, na hakopeshi.

Babu yenu.